Fleti moja iwe makazi na shorumu ya samani: tupangeje m² 118 za Upanga?

Ramani118:
Wakuu, habari za kazi. Naomba tujadili fleti ambayo familia inaishi na hapohapo mteja anakuja kuona samani, makabati ya jiko, taa na vitambaa. Vipimo ni hivi: Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya 4, m² 118. Sebule na dining vimeungana, mita 7.2 kwa 5.4, dari mita 2.8. Jiko mita 4 kwa 3, linafungukia dining na lina kibaraza cha kufulia nyuma. Vyumba vitatu, master ina choo chake. Choo cha wageni kiko mwanzoni mwa korido, kinatazamana na mlango wa chumba kidogo cha tatu (3.2 kwa 3.0). Madirisha makubwa ya sebule yanatazama magharibi. Lifti ya watu 8. Familia ni watu wanne, wawili watoto. Wateja ni kwa miadi, wawili au watatu kwa siku, siku nne kwa wiki.

Tuanzie wapi? Na nini huwa kinaharibika?

MwanaLamu:
Mkuu, kabla hujagusa rangi wala sofa, chukua ramani uchore mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: mteja anaishia wapi. Choo, soketi, taa, milango, hata kabati la viatu, vyote vinafuata mstari huo. Shorumu nyingi za nyumbani zinakwama kwa sababu samani zimepangwa kwanza, halafu mteja akiomba choo anapitishwa mbele ya chumba cha kulala wakati mwenye nyumba anakimbia kufunga milango.

Nyumba za zamani za Lamu zililimaliza jambo hili kwa mawe na chokaa. Unaanzia kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza, na mgeni wa shughuli anakaa hapo. Anayeruhusiwa kuingia anapita tekani, njia iliyopindishwa ili aliye mlangoni asione ndani. Mgeni ana sabule yake, yaani chumba cha wageni. Misana, yaani kumbi za katikati, na ndani ni ya wenyewe. Fleti haina nafasi ya vyote hivyo, lakini mpangilio wa kutoka nje kwenda ndani unaingia vizuri kabisa kwenye m² 118.

Kwako mstari upite kwenye korido, baada ya choo cha wageni na baada ya mlango wa chumba kidogo. Weka pale mlango wa kuteleza, uwazi sentimita 90, ubao wake sentimita 100 ili ufunike kingo zote mbili. Choo cha wageni kinabaki upande wa mteja. Chumba kidogo nacho kinabaki upande wake, kiwe chumba cha sampuli na mazungumzo ya bei. Ndiyo, familia inapoteza chumba, na watoto watalala pamoja. Hiyo ndiyo gharama halisi ya mpango huu, afadhali ikubalike mapema kuliko vitanda na sampuli kugombania chumba kimoja.

Mlangoni tenga mita 1.5 kwa 2.0 iwe daka. Benchi lenye kimo cha sentimita 45 na kina cha 40, chini yake rafu ya viatu jozi 8, maana watu wetu wanavua viatu na rundo la viatu mlangoni linaharibu kila kitu. Mbele ya benchi simamisha kisitiri cha fito za mbao, milimita 30 kwa 40, nafasi kati ya fito milimita 20, kimo mita 2.1. Mlango ukifunguliwa, mpita njia wa korido ya jengo haoni sebule. Na kisitiri hicho ndicho bidhaa ya kwanza mteja anayoigusa, kwa hiyo mbao zake ziwe zile unazotaka kuziuza.

Jambo linalosahaulika: mteja akiwa sebuleni, familia itapata wapi maji ya kunywa? Jiko liko upande wa mteja. Ndani ya mstari, ukutani mwa korido, weka kabati la upana wa sentimita 60 lenye friji ndogo, birika na vikombe. Bila hilo watoto watakatiza maonyesho kila baada ya dakika kumi.

fundi_keko:
Naunga mkono. Mimi niseme upande wa mbao.

Kwanza lifti. Lifti ya watu 8 kwa kawaida ndani ni mita 1.1 kwa 1.4, mlango sentimita 80 au 90. Sofa ya urefu wa mita 2.3 haiingii ikiwa imelala, na ikisimamishwa inategemea kimo cha mlango, mara nyingi mita 2 au 2.1. Kwa hiyo kila sofa inayozidi mita 2 itengenezwe vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti za M8 na nati za kupachika ndani ya mbao, miguu ya kufungua. Si kwa ajili ya siku ya kwanza tu. Shorumu inabadilisha bidhaa, sofa itashuka tena na nyingine itapanda. Pima pia kona ya ngazi, siku lifti ikifa.

Pili unyevu. Dar hewa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, halafu ndani mnawasha AC saa nane kwa siku. Mbao inakunywa maji usiku na kuyatoa mchana. Ubao wa meza wenye upana wa sentimita 90 kwa mbao zinazocheza unaweza kutanuka au kusinyaa milimita 8 hadi 9 unyevu wa mbao ukibadilika kwa asilimia 4. Ukiubana kwenye fremu kwa skrubu ngumu pande zote utapasuka katikati, na meza iliyopasuka ndani ya shorumu inaua oda kumi. Toboa matundu marefu kwenye fremu, milimita 5 kwa 15, yaelekee upana wa ubao, skrubu ziweze kutembea. Mninga unatulia kuliko mbao nyingi tulizonazo, msaji pia si mbaya. Paina ya shamba la miti la Sao Hill inacheza zaidi, iache kwenye fremu za ndani. Mbao zikaushwe hadi asilimia 12 au 13. Zilizokaushwa hadi 8 zitavimba zikifika Upanga.

Tatu, sofa ya shorumu inakaliwa kuliko sofa yoyote. Sponji ya kukalia kilo 35 kwa mita ya ujazo au zaidi, mgongoni 28 inatosha. Kitambaa kiwe kimepimwa Martindale (kipimo cha kusugua kitambaa) mizunguko 30,000 kwenda juu. Nyumbani kwa kawaida 20,000 inatosha, lakini hii ina familia na wateja juu yake. Foronya zote ziwe na zipu. Shona seti mbili za kila sofa: moja ya siku za miadi, moja ya familia. Hapo huhitaji kuwakataza watoto kukaa.

Ramani118:
Ahsante sana, fundi. Nilikuwa nafikiria pia ukuta wa tofali kutenganisha dining, na kona ya kuweka sampuli za vigae na graniti. Kuna ubaya?

zege_na_nondo:
Upo. Simamisha hilo kwanza.

Majengo mengi ya makazi yanachorwa kwa uzito wa matumizi wa kN 1.5 kwa m², yaani kama kilo 150. Sakafu ya duka huchorwa kN 4. Tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika mtu anapogeuza makazi kuwa biashara. Sasa angalia: boksi la vigae vya poselini 60 kwa 60, vipande vinne, lina kilo 30 hivi. Ukipanga maboksi 20 kwa mlundikano mmoja ni kilo 600 juu ya eneo la m² 0.36. Hiyo ni zaidi ya kilo 1,600 kwa m². Sakafu haitaanguka siku hiyo, lakini itapinda, na vigae vya jirani wa chini vitaanza kutoa nyufa.

Ukuta wa tofali la inchi 6 lenye plasta pande zote unafika kilo 330 kwa m². Kwa kimo cha mita 2.7 ni karibu kilo 900 kila mita moja ya urefu. Usiujenge bila mhandisi aliyeona michoro ya nondo. Tumia jipsam: stadi (nguzo nyembamba za chuma) za milimita 75, pamba ya mwamba milimita 50 ndani, ubao wa milimita 12.5 kila upande. Uzito ni kilo 20 hadi 25 kwa m² na mazungumzo ya kawaida hayapenyi kwa maneno, mradi ukuta ufike hadi kwenye zege la juu. Ukiishia kwenye dari ya jipsam, sauti inaruka juu na kushuka upande wa pili.

Sampuli za vigae: kipande kimoja kimoja, kwenye droo za wima kama za maktaba, kabati lisimame kandokando ya ukuta karibu na nguzo au boriti. Graniti: vipande vya sentimita 20 kwa 20 vinatosha. Ubao mzima wa meza wa mita 1.8 kwa 0.9, unene sentimita 2, ni kilo 87. Weka mmoja tu, kwenye meza inayotumika.

Na usitoboe dari hovyo kutundika taa nzito. Kuna majengo yenye sakafu za nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege. Ukikata waya mmoja umeharibu mali ya watu wote. Uliza uongozi wa jengo, upewe jibu kwa maandishi.

Nyaya230:
Niendelee hapo hapo kwenye dari.

Usitundike taa za kuuza kwa kuunga nyaya kila zinapobadilishwa. Weka sehemu sita za dari zenye ndoano iliyofungwa kwenye zege, siyo kwenye jipsam, na soketi ya dari ya kuchomeka. Taa inashuka na nyingine inapanda kwa dakika tano bila fundi. Kila ndoano ijaribiwe kwa uzito mara tano ya taa nzito kabisa unayotarajia.

Taa za kuangazia bidhaa ziwe za reli, spoti 14 za wati 10. Reli iwe ya saketi tatu: moja ya familia usiku, moja ya maonyesho, moja ya meza. Umbali wa reli na ukuta haukadiriwi kwa macho. Unataka mwanga upige kwa nyuzi 30 kutoka wima, kwenye kimo cha mita 1.5. Dari ikishushwa hadi 2.65, tofauti ni mita 1.15, zidisha kwa 0.577, unapata sentimita 66. Ukiiweka sentimita 30 kutoka ukutani, kila kasoro ya skimu inaonekana kama mawimbi. Ukiiweka mita 1.5, mteja anasimama kwenye kivuli chake mwenyewe. Miale ya nyuzi 24 kwa umbali wa mita 2 inatoa duara la sentimita 85, nzuri kwa kiti au taa ya meza. Nyuzi 36 inatoa mita 1.3, hiyo ni ya kabati au picha kubwa.

Kibatari:
Mkuu, kwa nini usitumie tu balbu nyeupe za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500? Zinapatikana kila duka Kariakoo na zinaangaza zaidi.

Nyaya230:
Zinaangaza, lakini zinadanganya rangi. Mninga chini ya 6500 unaonekana kijivu, kitambaa cha rangi ya udongo kinakuwa kama kimechakaa. Mteja anaagiza, anafika kwake penye taa za 3000, anakuta rangi nyingine, anarudisha. Weka 3000 kwa sebule yote, na usinunue taa yenye kipimo cha uhalisi wa rangi, yaani CRI, chini ya 90. Boksi lisiloandika kipimo hicho liache dukani.

Halafu meza ya vitambaa iwe dirishani, juu yake taa moja ya 4000 yenye swichi yake. Mteja aone kipande kwa mwanga wa mchana, wa 4000 na wa 3000 kabla hajasaini. Kuna vitambaa viwili vinavyofanana dirishani na kutofautiana kabisa chini ya taa. Hilo si kosa la kitambaa, ni kazi ya muuzaji kulionyesha mapema.

Nyaya: mm² 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 kwa kila AC. Soketi mbili za sakafuni chini ya sofa ya katikati, maana sofa haitakaa ukutani. Kikata umeme cha miliampea 30, kinachokata umeme ukivuja, kwa soketi zote. Umeme ukikatika mteja yuko ndani: spoti 14 ni wati 140, feni 70, ruta 15, kompyuta 60, jumla 285. Kwa saa 3 ni Wh 855, ongeza upotevu wa inveta unafika kama 950. Betri ya lithiamu ya volti 25.6 na Ah 50 ina Wh 1,280, ukitumia asilimia 80 inatosha. AC usiiweke humo.

Kibatari:
Nimeelewa, shukrani. Na AC, moja ya BTU 24,000 katikati ya sebule itatosha?

Nyaya230:
Kwa hesabu, ndiyo: m² 39 za sebule mara BTU 600 ni 23,400. Lakini weka mbili za 12,000. Jioni familia ikiwa peke yake inawasha moja. Na bomba la maji lisipite juu ya kabati la vitambaa. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita, lisafishwe kila miezi mitatu. Likiziba, maji yanashuka ukutani, na kitambaa chenye alama ya maji hakiuziki.

MwanaLamu:
Niongeze la magharibi. Jua la saa kumi litapiga sofa moja kwa moja, na baada ya miezi michache upande mmoja utakuwa umepauka. Bandika filamu ya kuzuia miale kwenye kioo, weka pazia jepesi nyuma ya pazia zito, na geuza matakia kila wiki. Makabati yaachane na ukuta wa nje kwa sentimita 5, hewa ipite, la sivyo koga itaota mgongoni mwake na harufu itafika kwenye vitambaa.

Nafasi za kupita: sentimita 90 kila njia, 120 pale mteja na mwenyeji wanapotembea bega kwa bega. Kati ya sofa na meza ndogo 45. Nyuma ya kiti cha meza ya chakula 75 hadi 90. Ukifuata hizo, sebule yako inachukua sofa mbili, viti viwili vya pembeni, meza moja ya watu sita na kabati moja la ukutani. Basi. Ukiongeza la tano inakuwa stoo.

Na ukutani tengeneza vishubaka, tuazime akili ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba za Lamu. Kina sentimita 18, upana 35, kimo 40, kitu kimoja kwa kila kimoja. Zidaka za asili zilikuwa ndani kabisa ambako mgeni hafiki, sisi tunazileta mbele, lakini ile nidhamu ya kitu kimoja ndani ya fremu yake ndiyo inayofanya kikombe cha udongo kionekane.

JikoNiMoyo:
Jamani jiko mmeliruka, na ndiko nyumba na shorumu zinakogombana zaidi. Mafuta ya kukaangia samaki yanakaa kwenye pazia siku tatu.

Gawa mapishi mawili. Jiko kuu liwe lile la kuonyesha, linapika chai, wali, mchuzi. Kukaanga na viungo vizito vipelekwe kibaraza cha nyuma, jiko la gesi la mafiga mawili, mtungi ukae hukohuko nje. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, kwa hiyo usiufungie kwenye kabati lisilo na matundu ya chini. Jiko kuu lipate kivuta moshi cha mita za ujazo 600 kwa saa, bomba la milimita 150 linalotoka nje. Vile vinavyorudisha hewa ndani kupitia kichujio havitoi unyevu wala harufu yote.

Makabati: boksi la chini ya sinki liwe plaiwudi ya marini milimita 18, siyo MDF wala chipubodi. Miguu ya plastiki sentimita 10, ubao wa chini wa kuziba uwe wa kubandua. Kingo zote zifungwe kwa utepe wa milimita 1 au zaidi, hata zile zisizoonekana, maana maji yanaingilia hapo na ubao unavimba kama mkate. Bawaba karibu na bahari zinapiga kutu, chagua chuma cha pua cha 304 kwa ndani, na kwa vitu vya kibarazani 316.

Kabati moja liache bila mlango makusudi. Mteja aone reli ya droo, unene wa boksi, jinsi skrubu ilivyoingia. Hiyo inauza kuliko picha yoyote.

fundi_keko:
Dada hapo umenena. Hata sofa, tengeneza kipande cha sentimita 50 kilichokatwa, kinaonyesha fremu, springi, mkanda na sponji.

Hati_na_Mkataba:
La sheria kwa kifupi. Fleti yenye hati yake iko chini ya Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na wamiliki wa jengo wana kanuni zao. Soma kanuni hizo kuhusu biashara, wageni na matumizi ya lifti kwa mizigo kabla ya kununua hata msumari. Kubadili matumizi ya eneo kunapitia mamlaka ya mipango, kwa hiyo uliza manispaa kama kupokea wateja kwa miadi kunahesabika kuwa mabadiliko. Leseni ya biashara inahitajika, pamoja na TIN na mkataba wa pango. Ukiwa mpangaji mfanyabiashara, kumbuka kodi ya zuio ya pango asilimia 10, ambayo mpangaji anaikata kwenye pango.

Weka mita ndogo ya umeme kwenye saketi za maonyesho. Mwisho wa mwaka unajua gharama ya biashara ni ipi na ya nyumba ni ipi bila kubishana na mhasibu. Bima nayo: muulize wakala, kwa maandishi, kama bima ya nyumba inalipa bidhaa za kuuza na mteja akianguka ndani. Usidhani.

Ramani118:
Wakuu, nimekusanya yote nikachora upya. Ufuatano wa kazi niliopanga: kibali cha jengo, kuta za jipsam, mabomba, nyaya, ndoano za dari, dari ya jipsam, skimu, rangi mkono wa kwanza, sakafu, makabati, mlango wa kuteleza, rangi mkono wa mwisho, samani. Vitu vya familia vinavyotawanyika vinapata kabati la korido mita 2.4 kwa kina 0.6, ndani ya mstari, ili sebule isafishwe ndani ya dakika 15 kabla ya miadi. Mlango wa kuteleza unafunguka kuelekea upande wa choo cha wageni. Kuna kosa?

MwanaLamu:
Moja. Ubao wa mlango ukiteleza upande huo utafunika mlango wa choo kila ukiwa wazi, na kwa ramani uliyoweka, boksi la saketi breka liko ukuta huohuo. Ugeuze uteleze upande wa ndani, juu ya ukuta wa kabati lako la mita 2.4. Kabati hilo basi lianze sentimita 105 kutoka kwenye kingo za mlango, libaki na mita 1.35, na kilichobaki kipandishwe juu hadi darini. Swichi ya taa ya korido ihamie upande wa pili. Fanya hivyo sasa, kabla fundi wa nyaya hajaanza kuchimba.

Ramani118:
Nimeiona. Naibadilisha leo, kesho naweka mchoro mpya hapa.